Utelezi ndani ya jerikeni

Bukoto, Jumanne

Kumbe ni jerikeni! Wiki mbili Achieng wangu anaharisha, nami kila siku nachemsha maji, yakipoa nayarudisha kwenye jerikeni ile ile ya kuchotea. Nje naisugua mpaka inang'aa. Ndani, sijawahi hata kuchungulia.

Leo Hajati, jirani yangu, alikuja kumjulia hali mtoto. Akaingiza kidole kwenye jerikeni, kikatoka na utelezi wa kijani.

"Mama Achieng, unaua wadudu jikoni, halafu unayapeleka maji kwa wenzao?"

Tukatia changarawe na sabuni, tukatikisa hadi mabega yakauma.

Aibu yangu ni nyingine. Nilimkataza Achieng kula kwa Hajati, nikidhani chapati zake ndizo...

Kumbe mtoto alimwambia Hajati siku ile ile niliyomkataza. Hajati alikuja akijua.