Mmoja Bado, Upande Wangu

Petro,

Mvua imeanza Buger. Udongo wa kaburi lako ulishuka kidogo upande wa kichwani, mdogo wako akaujazia jana. Mahindi uliyoyapanda kwa ule mgongo wako yamefika magotini. Magari ya watalii yameanza kupita tena kwenda Kreta, na vijana wa Karatu wameshajua mahali pa kuyangojea. Mengine yako vilevile ulivyoyaacha. Sukari haipatikani, na redio yako imenyamaza kwa kukosa betri.

Ninakuandikia kwa sababu ya swali. Siku ya maziko, baada ya chakula, rubani mmoja uliyekuwa naye jeshini alisema mbele ya watu kwamba mgongo wako uliuvunja mwenyewe. "Angetua moja kwa moja, injini ingemfikisha. Ule mzunguko ndio uliomponza." Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Lakini mkeo Paulina alisikia. Juzi Paulina akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa kiti cha pili siku ile: "Shemeji, alilazimika?"

Nimemwomba anisubiri hadi Jumapili. Nimeandika habari za vita, za njaa na za ajali, na sijawahi kuomba muda wa kujibu swali la neno moja.

Basi naanza na ulivyotupakia Loliondo. Mimi nilikuwa natoka kuandika habari za barabara ya Digodigo, nikakuomba nafasi. Marta na mama yake walikuwa wametoka huko huko, Marta akiwa na uchungu wa kuzaa uliokataa kuisha, amebebwa kwa machela, kisha kwa lori. Mama yake aliitazama ndege yako: kuukuu ya jeshi, injini moja, rangi ya kijani imebanduka mpaka bati linaonekana. Akakuuliza ina umri gani.

"Mama, hii iliniona nikizaliwa."

"Basi iheshimu. Usiikimbize."

Ulicheka mpaka tulipoiacha ardhi, kisha ukaanza kuimba zile nyimbo zako za kanisani, kama kawaida, ukipotosha sauti ya pili.

Mlima Lengai ulikuwa kushoto kwetu, na tulikuwa tunaukaribia ukingo wa Kreta, ulipoacha kuimba. Niliona mstari mwembamba wa oili ukipanda kwenye kioo cha mbele. Ukawa miwili. Kisha upepo ukaitandaza oili yote, na kioo kikawa cheusi kama kitako cha sufuria. Mshale wa presha ulikuwa unashuka. Uliugonga kwa ukucha, ukashuka zaidi.

Ulitazama chini Kreta. Kulikuwa na nyasi tambarare, mahali pa kutua bila shida. Kisha ukageuka ukamtazama Marta. Kumtoa mle kungetaka gari, na gari hatukuwa nalo. "Karatu," ukasema. Ukaivusha ndege juu ya msitu.

Paulina hajui habari ya hodi, kwa hiyo nitaanza hapo nikimweleza. Ulikuwa msimu wa mavuno. Uwanja ule wa Karatu ndio ardhi ngumu na safi kuliko zote pale jirani, na watu walikuwa wanapuria maharage yao hapo. Hukuwahi kuwafukuza. Kila ulipokuja, ulipita chini mara moja juu ya vichwa vyao, ukaenda kuzunguka kwa mbali, nao wakazoa maharage, wakakunja maturubai, wakakupisha. Kupita huko ndiko ulikokuita kupiga hodi. Hakuna aliyewahi kukimbia. Akimbilie nini? Anayepiga hodi hungoja.

Siku ile nilikuambia, "Ingia tu."

"Kioo cheusi. Najua wapo. Sijui wapo wapi." Kisha ukaniambia nitazame kwa dirisha langu. "Sema unachokiona. Unachokifikiria kaa nacho."

Tukapita. Injini ilikuwa inakohoa, na harufu ya kuungua ilijaa ndani. Niliona fimbo zikisimama hewani, maturubai, na mwanamke mmoja akitupungia ungo.

"Wanazoa," nikasema.

"Wanazoaje?"

"Kama siku zote. Taratibu."

Ulitukana, Petro. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ukapinda kushoto, mzunguko mfupi kuliko wote niliowahi kuuona, na katikati ya kona injini ikafa. Pangaboi lilisimama wima mbele yetu. Nikasikia upepo kwenye mabawa, na mama yake Marta akisali kwa lugha yao.

Kimya kile ndicho kilichowatoa. Wale watu walizoea mlio wako uzunguke mpaka urudi. Ulipokatika, waliinua vichwa wakatuona tukishuka bila sauti. Wakatupa kila kitu wakakimbia.

Uliilaza ndege ubavu ili uone kwa dirisha lako, mimi nikabaki na langu. Ardhi ilikuja haraka.

"Wametoka?"

"Wametoka. Mmoja bado, upande wangu..."

Nilitaka kuendelea. Nilitaka kusema ni bibi, ameinama, anavuta gunia, yuko kwenye ncha ya bawa. Hukungoja. Ndege ilikuwa imeshageuka kushoto.

Tulipita katikati ya lundo la maharage. Yalipiga tumbo la ndege kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha gurudumu la kushoto likaingia mtaroni pembeni mwa uwanja, likavunjika, na kiti chako kikang'oka.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Bibi Monika, yule yule wa gunia, anahema, mkono mmoja kiunoni.

"Petro, wewe mtoto, tangu lini mtu anapiga hodi na kuingia kabla hajaitikiwa?"

Ulikuwa unaning'inia kwenye mikanda, uso umekuwa wa majivu. "Shikamoo, bibi. Wenye nyumba mlichelewa."

"Marahaba. Na maharage yangu?"

Kisha akamwona Marta. Akaita wanawake kwa Kiiraqw, wakamtoa, wakamlaza kwenye mojawapo ya yale maturubai, wakambeba mpaka barabarani kulikokuwa na Landrova. Alijifungua jioni ile, mtoto wa kiume, hospitalini. Wewe ulipelekwa huko huko, na tangu siku ile hukurusha ndege tena.

Niliwahi kukuuliza kama unajuta. Tulikuwa shambani kwako, umeegemea jembe kwa sababu kunyooka hukuweza. "Waulize mahindi," ukasema. "Mimi nina kazi."

Sasa nimjibu Paulina. Rubani mwenzako anasema kweli kuhusu injini: mzunguko ndio ulioimaliza. Lakini mzunguko haukuvunja mgongo wako. Injini ilipokufa, ulikuwa bado unaufikia uwanja, na ulitushusha juu yake vizuri. Mbele yako palikuwa wazi mpaka mwisho. Ungeenda tu moja kwa moja, Marta angefika, mimi ningefika, na wewe leo pengine ungekuwa unaimba vibaya juu ya Loliondo. Bawa la kulia lingempiga mtu mmoja. Hakuna ambaye angekulaumu, kwa kuwa kioo kilikuwa cheusi.

Hukulazimika. Nimelizungusha swali hilo kila upande, na jibu ni hilo. Najua litamuuma, maana ni yeye aliyekuvisha viatu miaka yote hii. Lakini akiambiwa ulilazimika, atakuwa ameambiwa habari za mtu mwingine.

Jumapili, kabla ya ibada, nitapita Buger nimwambie. Nitamwambia mbele ya watoto, na mbele ya rubani yule ikiwa bado yupo, kwamba palikuwa na njia iliyonyooka na hukuifuata, na kwamba hukuniuliza yule aliyebaki ni nani.

Pumzika, ndugu yangu. Magugu ya upande wa barabara nitayapalilia mimi mwenyewe.