Mtoto Hajazaliwa, Tayari Nimemkataa Daktari wa Ukoo

Shangazi yangu wa gazetini, sikuandikii kwa machozi, nakuandikia kwa hasira, unisamehe mapema. Mimi ni mwalimu wa udereva, kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni nikiwa na breki yangu miguuni huku mtu mwingine akijifunza kuniingiza mtaroni, kwa hiyo mimi si mwoga na si mtu wa kupayuka ovyo, lakini ujauzito huu wa pili umenifikisha mahali ambapo mama mkwe hapokei simu zangu na mume wangu ananitazama kana kwamba nimechoma nyumba.

Kisa ni daktari. Katika ukoo wa mume wangu kuna mjomba, kaka wa mama mkwe, ambaye ni daktari wa watoto, na kila mtoto wa familia ile hupelekwa kwake, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa nami nilimpeleka huko nimeinamisha kichwa. Maziwa yalichelewa kutoka, nikamwambia, "Mjomba, naomba unionyeshe jinsi ya kumweka vizuri kwenye ziwa," naye bila kuinua macho akaagiza maziwa ya kopo, akasema, "Mama mchanga hana haja ya kujua mengi. Mpe, alale, nawe ulale." Nikampa, akalala, na maziwa yangu yakakauka nikiwa bado nayataka, nikawa najifungia bafuni na kufungua bomba ili wasinisikie nikilia. Binti ni mzima, namshukuru Mungu, yuko chekechea na mdomo wake unanishinda mimi, lakini jambo lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Safari hii nikasema sitangoja mtoto atoke ndipo nitafute daktari. Mimi simkabidhi mtu gari bila kujua kama anaona mbali, sembuse mwanangu. Nikaenda kwanza kwa Mjomba, kwa heshima, tumbo mbele, nikamweleza kwamba nataka kumpa mtoto maziwa yangu tu kwa miezi sita, nataka mtoto akilia nimbebe hata wakisema namdekeza, na nataka nikiuliza nijibiwe. Alicheka, Shangazi. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Hizo ni habari za kwenye simu. Wewe zaa, mengine tuachie sisi." Nikasimama. Nikamwambia, "Mjomba, kuzaa nitazaa, ila hayo mengine sitawaachia," nikatoka, na mlango ukajibamiza wenyewe, naapa sikuubamiza mimi.

Nikatafuta mwingine. Nikampata daktari mmoja mwanamke, chumba chake kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, unapanda ngazi za chuma, ukiingia unakuta pembeni kiti cha mama anayenyonyesha, kina mto wake, nilipokiona kile kiti nikataka kulia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kunyonyesha, akasema atanishika mkono tangu siku ya kwanza, na yuko muuguzi wake ambaye kazi yake ni hiyo. Kubeba, akasema, "Mbebe, mtoto haharibiki kwa kubebwa." Nikafurahi, nikaongeza la mwisho, kwamba chanjo zingoje mpaka mtoto aanze kutembea, kwa sababu binti alipata homa baada ya sindano na mwalimu mwenzangu pale kazini ameniambia ni hatari. Hapo akakunja mikono mezani. "Hilo hapana, mama. Sikufukuzi, lakini sitakuitikia. Nipe nafasi nikueleze." Akaeleza, nami nilikuwa sisikii tena, masikio yalikuwa yamejaa Mjomba.

Jumapili, tukiwa mezani kwa mama mkwe, nikatangaza kwamba mtoto huyu hatakwenda kwa Mjomba. Vijiko vikasimama. Mama mkwe akasema, "Mtoto wa ukoo huu hatashikwa na mtu baki." Nikamjibu, "Mama, hata mimi nilikuwa mtu baki mlipokuja kuniposa." Wifi yangu akacheka, akajifanya anakohoa. Nikamgeukia mume wangu, fundi wa majokofu, mtu mpole, nikingoja walau neno moja, akasema, "Mimi simo." Simo! Mimba ilipoingia alikuwamo!

Sasa nakuuliza, nimekosea kumkataa? Na huyu wa juu ya duka aliyenipinga, nimwache niendelee kutafuta atakayekubali yote? Maana kwa Mjomba sirudi hata mnifunge kamba.

Mwalimu wa Kiti cha Pembeni

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, kaa kwanza, weka miguu juu, upumue. Hujakosea. Daktari anayemcheka mama aliyemjia na swali hafai, hata awe mjomba wa ukoo mzima. Na lile kopo lisikuonee tena. Kopo si dhambi, na hakuna mama wa kuona haya kwa ajili yake. Kosa ni kwamba uliomba msaada ukanyamazishwa. Ulikuwa na haki ya kukasirika wakati ule, na unayo hata leo.

Sasa nikugombeze, maana hukuniandikia nikubembeleze. Ulitafuta daktari wa kukuheshimu, ukampata, kisha ukamnunia kwa sababu si kasuku. Mwanafunzi wako akitaka kupita taa nyekundu kwa kuwa jirani yake alipita salama, utamuunga mkono? Mjomba alikuambia hapana akakutoa kwa kicheko. Huyu alikuambia hapana akaomba nafasi ya kukueleza. Hizo hapana mbili si ndugu. Homa ya sindano mara nyingi hupita upesi. Surua na kifaduro havina adabu hiyo, wala havimngoji mtoto ajifunze kutembea. Mwalimu mwenzako msikilize kwenye gia, chanjo mwachie mwenye kazi yake.

Rudi wiki hii. Panda zile ngazi polepole, na huyo Simo umpandishe nawe. Mweleze daktari homa ya binti ilikuwaje, na safari hii fungua masikio. Muulize mtoto akiugua siku ya mapumziko nani atapokea simu, na akizidiwa mtakimbilia wapi. Kutana na yule muuguzi kabla hujajifungua, ili wodini usikute mtu anakutilia kopo mkononi ambalo hukuliomba. Ukiridhika, huyo ndiye daktari wenu. Acha kutafuta.

Na wewe Simo, najua unasoma. Mama ni wako na mjomba ni wako. Nenda ukaseme kwa mdomo wako mwenyewe, "Tumeamua." Si "ameamua." Mwanamke hapigani na wakwe peke yake huku tumbo limemtangulia.

Mwalimu, mama mkwe wako endelea kumwamkia, na mpeleke binti akacheze na bibi yake. Muombe radhi kwa sauti kama ilipanda. Kwa uamuzi, usimuombe. Mtoto akizaliwa, Mjomba aje kama wajomba wote wanavyokuja: anawe mikono, akae kwenye kochi, apakatishwe, aseme pua ni ya upande wao. Akianza tu kuagiza, mpokee mtoto taratibu, umwambie, "Asante, Mjomba. Daktari wake yupo."