Mbao Nne za Uzio

Chumba cha nyuma, kitandani
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo wewe, mkeo na yule mtoto wenu Kachokozi? Mimi nasema sijambo kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Kifua kinanibana, na daktari ameacha kunitajia tarehe ya kurudi kumwona.

Gemu uliyoitengeneza ilifika. Binti anayeniuguza aliifungua kwenye kompyuta yake, nami nabonyeza kwa kidole kimoja. "Babu, umekufa tena," huniambia. Namjibu kwamba nafanya mazoezi.

Jana tulifika kwenye ile misheni ya pembeni, kisa kidogo nje ya safari kuu, uliyoibuni mwenyewe, ya kuwinda zimwi la machimbo. Umeipanga vizuri. Mwindaji hakurupuki na upanga. Kwanza husoma nyayo, hukagua uzio uliovunjika, huhoji watu. Akamfikia mzee aliyeketi mlangoni, na mzee akamwambia: "Lilitoka majini, likavunja uzio, likamchukua mtoto." Nikamwomba binti azime.

Maneno hayo ni yangu. Nilikuambia ukiwa na miaka sita, siku tuliyomzika kaka yako, nawe umeyatunza miaka thelathini.

Hapakuwa na zimwi. Uzio wa lile shimo la machimbo lililojaa maji niliubomoa mimi. Nilikuwa karani pale machimboni, na vitabu vyangu vilikuwa sakafuni vikiliwa na mchwa. Jumamosi niling'oa mbao nne nitengeneze rafu, nikajiambia Jumatatu nitaziba pengo. Jumapili kaka yako alipita penye pengo hilo, akazama.

Mama yako, dada yangu, alijilaumu mpaka kaburini kwamba alimwacha mtoto atoke peke yake. Nilimsikia, nikanyamaza. Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Langu lilinijua vizuri. Rafu yenyewe naitazama hapa nilipolala.

Usiiondoe misheni hiyo. Ila mwindaji akirudi na kumwuliza mzee mara ya pili, mzee aseme kweli. Wewe uliniuliza mara moja tu, ukaniamini. Kisha mwindaji aachiwe aamue mwenyewe atamfanya nini. Mimi sitakuwepo kuona utakavyoamua.

Nisalimie mkeo, na Kachokozi mbusu kipajini. Mungu akujalie usingizi mnono, na watoto wasioogopa maji.

Ni mimi mjomba wako, niliyekupenda hata nilipokudanganya.