Wanjiru Aamsha Kompyuta ya Maziwa

Dada yangu Nyambura, huku Nakuru jua limenivua sweta.

Jana Wanjiru wangu alinipeleka kazini kwake, kiwanda cha maziwa. Kuna kompyuta kubwa iliyobeba tumboni zingine zote, zile zinazopokea na kupoza maziwa, na haiunganishwi na intaneti. Marekebisho ya programu zake, Wanjiru huyabeba kwa diski, kama sisi na mitungi ya maji. Aliyaingiza, akaizima iwake upya. Malori yakangoja langoni.

"Mathe, ikikataa kuamka maziwa yataharibika," bosi wake akaniambia.

"Boss, huyo aliwasha kuni mbichi akiwa darasa la pili."

Ikaamka! Bosi akauliza kama niko na mwingine kama huyo. Nikamwambia nilizaa mmoja tu, lakini viazi vya kwetu Molo viko.

Baridi ya huko isikuguse, dada. Nisalimie ng'ombe wangu.

Mama Wanjiru