Vyombo Vimefika

Mbagala, Dar es Salaam
19 Juni

Baba yangu mpendwa,

Mugonile, Tata. Natumaini barua hii itakukuta u salama, na kwamba ukungu wa Juni haujakizidisha kile kifua chako. Mama hajambo? Ng'ombe je, amezaa? Mimi ni mzima wa mwili. Mkweo Prisca anakusalimu, na wajukuu pia. Salamu za mwanao Ackson nitazieleza mwishoni.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako, Baba, unaiweka sauti kubwa, na Agness wa jirani husikia kabla yako. Habari hii nataka uisome peke yako, umekaa.

Nianze na safari, kama nilivyoiandika kwenye shajara yangu. Vyombo vyako vya useremala, ulivyonipa nimpelekee Ackson, nilivifunga kama alivyotuelekeza Yussuph wa dukani: chochote chenye makali kinakwenda kwenye mzigo wa chini, hakikai na abiria. Msumeno, randa na keekee nilivizungushia magome makavu ya mgomba, nikakaza kamba, ili mkaguzi atakayeingiza mkono asijikate. Pale uwanja wa ndege wa Songwe mzigo ulipimwa, ukapokelewa bila swali.

Ila patasi ya babu. Unakumbuka ulivyomjibu Yussuph kwamba patasi ya baba yako haiendi tumboni mwa ndege kama gunia la viazi, itakaa na mwanao. Yussuph alicheka, akasema mzee, ndege si basi la Kyela. Nilijua anasema kweli. Lakini ulikwisha kuniwekea patasi miguuni, nami nikaiokota mbele yako. Nikaitia kwenye mkoba, katikati ya kanga.

Kwenye ukaguzi mkoba ulizuiwa. Askari, kijana tu, aliniambia niufungue, akauliza kama nilitaka kuifungua ndege njiani. Watu nyuma yangu wakacheka. Kisha akaeleza kwa upole kwamba ningeweza kuipeleka kwenye mzigo wa chini, ila mzigo wangu ulikwisha kuondoka na abiria tulikuwa tunaitwa. Akanyoosha mkono nimpe.

Sikuweza kumpa mkononi, Baba. Nyumbani kwetu chombo chenye makali hutuliwa chini, na anayekitaka huinama akakiokota mwenyewe. Aliyeokota ndiye mwenye chombo na kazi yake. Nikaitua sakafuni. Akaniambia, mama, meza si hii hapa? Halafu akainama, akaiokota.

Nililia mpaka ndege ilipokuwa juu ya mawingu. Nilidhani nimekwisha kupoteza kikubwa kuliko vyote.

Prisca alinipokea peke yake. Aliponitumia tiketi na kusema nisingoje basi, wewe uliwatangazia watu kanisani Lupepo kwamba Ackson amepata, sasa anampandisha dada yake ndege. Baba, nauli ile Prisca alichangiwa na majirani. Ackson hana mkono wa kulia. Mwezi wa pili mashine ya kupasulia mbao ilimkata vidole pale kwenye karakana alikokuwa akifanya kazi, kidonda kikaoza, wakamkata kwenye kiwiko. Alimkataza mkewe asikuambie. Kila alipokupigia akisema kazi ni nyingi, alikuwa amekaa kitandani. Siku hizi na watoto wake hasemi nao, chakula anakirudisha. Prisca aliogopa kubaki naye peke yake, ndiyo maana akaniita.

Uliniagiza niviweke vyombo mbele yake, nami sikujua namna nyingine ya kuuingiza mzigo wako ndani ya nyumba ile. Nikavifungua kimoja kimoja, nikavipanga sakafuni. Alivitazama vyote, kisha akauliza patasi ya babu iko wapi. Nikamweleza. Alicheka, Baba, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena, akasema heri huyo askari, ana mikono miwili. Akaenda kulala.

Ulipopiga simu ukauliza kama vyombo vimefika, nilijibu vimefika. Nikakusikia unashukuru, ndaga, ndaga fijo, na Agness akipiga vigelegele. Hukuuliza zaidi. Leo nakamilisha jibu langu: vimefika, havijaokotwa. Viko palepale. Watoto wanaviruka wakienda shule, Prisca anafagia kuvizunguka. Jana nilimkuta Ackson ameipindua randa kwa kidole cha mguu, anaangalia wembe wake. Hewa ya huku ina chumvi, umeanza kushika kutu. Aliponiona akauondoa mguu.

Mimi siwezi kuviokota kwa niaba yake, na bila kuviokota siwezi kukurudishia. Uliyevituma ni wewe; njoo, Tata. Uje kwa basi, na uje mikono mitupu. Mwanao hahitaji kupewa kitu cha kushika. Ukimkuta amekaa, kaa naye.

Nisalimie Mama, umweleze polepole. Msalimie Yussuph, umwambie alikuwa sahihi. Agness nitamsalimia mwenyewe nikirudi.

Na salamu za Ackson nilizokuahidi: asubuhi hii nilimwambia nakuandikia, nikamwomba neno la kuweka hapa. Alitazama sakafu, pale vilipo vyombo, muda mrefu. Nimekuandikia kama alivyonipa: mtazamo huo, bila neno.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Tupokigwe