Mayai ya Chala na Waya Zilizogeuzwa

Jumatatu, 7 Julai

Nimefuta tena umande kwenye mapezi ya bati nje ya sanduku langu la kuangulia mayai. Kila asubuhi hivi hivi. Kigae cha umeme kinachopasha sanduku nilikitoa kwenye mashine mbovu ya kupoza maji ya kunywa. Kikipata umeme, uso mmoja unapata moto, wa pili unapoa. Wa moto nimeuelekeza ndani ya sanduku, kwenye mayai. Wa baridi uko nje, unavuta hata hili joto dogo la Sumbawanga. Ndiyo maana betri ya sola inatosha.

Mayai ni ya mama yangu, kule kijijini Chala. Ugonjwa wa mdondo uliua kuku wake wote. Mbegu ile aliachiwa na bibi. Haya ndiyo yaliyobaki.

Gaspari, mdogo wa mume wangu, amechungulia akacheka. Eti shemeji amegeuka kuku. Simpendi. Sijawahi kumpenda.

Alhamisi, 10 Julai

Gaspari anataka betri. Ya spika zake, kwenye sherehe ya kipaimara Jumamosi. Nimekataa. Mama mkwe akaingilia: "Betri kanunua mwanangu, hakuwanunulia kuku." Ni kweli. Mwanawe huyo, mume wangu, yuko njiani na lori, simu haipatikani.

Nimekula chumbani.

Jumamosi, 12 Julai

Wameichukua. Mama mkwe alimfungulia Gaspari chumba changu nikiwa kazini mjini, kwenye meza yangu ya kutengeneza redio. Niliporudi betri ilikuwa mahali pake, kana kwamba haikutoka. Nikagusa sanduku. Ndani baridi kama kisima. Mapezi ya nje yalikuwa ya moto.

Gaspari aligeuza waya alipoirudisha. Nyekundu kwenye nyeusi, na nyuso za kigae zikabadilishana. Swichi ya joto haina akili: ilisikia baridi, ikaruhusu umeme. Umeme ukaleta baridi zaidi.

Nikamfuata uani.

"Waya ni waya, shemeji," akasema. "Taa ukiigeuzia, si inawaka?"

"Hii siyo taa."

"Basi kaanga."

Nilimwambia ana roho ya fisi. Mama mkwe anataka nimwombe radhi mwanawe. Simwombi.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa. Ningesimama karibu nao.

Nimepima mayai kwa tochi. Mengi mishipa imefifia, hakuna kinachotikisika. Machache bado yana kitu ndani kinachocheza. Waya nimezirudisha, nimeweka kufuli yangu mwenyewe.

Mama alipiga simu. Nilimweleza yote.

"Yaliyobaki endelea kuyageuza, mwanangu," akasema.

Nililia baada ya kukata simu. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumatano, 16 Julai

Mimi na Gaspari hatusalimiani. Simpikii. Amekula kwa jirani, na jirani ameshajua kwa nini. Vizuri.

Jumatatu, 21 Julai

Yai moja limeoza, nimelitupa. Harufu imefika mpaka chumba cha pili kwa Gaspari, amepiga ukuta. Nami nimepiga.

Ijumaa, 25 Julai

Vifaranga wawili. Wa kwanza alitoka alfajiri, wa pili mchana. Mengine nimeyapasua. Hamna kitu.

Mama mkwe alibisha hodi. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa na chenga za ulezi kwenye kisosi. Alikaa kitandani akawatazama muda mrefu.

"Kuna jike?"

"Bado mapema kujua, mama."

Alimwaga chenga kidogo sakafuni, akazigonga kwa kidole kama mdomo wa kuku. Mmoja akasogea.

Ng'ambo ya ukuta Gaspari aliuliza kama wametoka. Nilimtazama mama mkwe. Aliendelea kuzigonga chenga.