Ufa Uliotupwa na Bodi Yetu

Bungu, Jumanne

Nilimwambia bosi, tena mapema. Bodi ya kielektroniki tunayounda inabana picha za eksirei ili zitumwe haraka, kwa kuzichambua kuwa mawimbi madogo madogo, kisha inayatupa yaliyo hafifu. Nikasema tusitupe mengi. Akasema wafadhili wanataka kasi.

Leo, zahanatini hapa, tumetuma picha ya mkono wa bibi aliyeanguka shambani. Daktari wa Korogwe akajibu: "Mzima. Arudi nyumbani."

"Mjukuu wangu, kwa hiyo mimi ni mwongo?" bibi akaniuliza, mkono umemvimba.

Mganga wa zahanati akaitazama picha ya awali, ambayo haijabanwa. Mfupa una ufa mwembamba kama unywele. Tumempeleka Korogwe, amefungwa hogo la plasta.

Nikampigia bosi kumweleza. Akasema, "Lakini picha ilifika haraka, siyo?"

Nikamkatia simu. Sijui kama kesho nina kazi.